Lenzi yenye dawa: kwa nini tunakukataza kuiloweka mwenyewe

Mtazame mtu anayejiwekea dawa ya macho. Anainua uso, anabonyeza kichupa, tone linatua, anapepesa, na papo hapo dawa inamchuruzika shavuni. Hajakosea. Tone moja lina mikrolita 30 hadi 50, ilhali machozi yaliyotanda juu ya jicho ni kama mikrolita 7 tu. Kinachozidi humwagika, au huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni, ndiyo maana wengine husikia uchungu wa dawa mdomoni. Dakika chache baadaye imebaki kidogo mno. Mwenye kidonda cha konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, huweza kuandikiwa tone kila saa, mchana na usiku. Anayemuuguza anajua kuchoka huko.

Basi wateja hutuuliza: "Lenzi inakaa jichoni kutwa. Kwa nini nisiiloweke kwenye dawa, kisha niivae?"

Ni swali zuri, na watafiti walikwisha kulijaribu tangu miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Otto Wichterle, mkemia wa Cheki, kutengeneza lenzi laini nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vifaa vya kuchezea vya watoto. Shida ni kwamba haidrojeli, yaani plastiki laini inayoshika maji ambayo lenzi hizo hutengenezwa kwayo, ni kama sifongo: inavyoinywa dawa upesi ndivyo inavyoitema upesi. Nyingi hutoka katika saa za mwanzo, kisha jicho linabaki halina kitu. Tena dawa nyingi za matone zina kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, kiitwacho benzalkoniamu kloraidi. Lenzi laini hukifyonza na kukigandamiza kwenye konea kwa saa nyingi, nacho huunguza seli za juu ya jicho. Tafadhali, usifanye hivyo.

Kazi ya maabara ni kuipunguza kasi hiyo. Wapo wanaotia vitamini E ndani ya lenzi ya silikoni, ili dawa ilazimike kuzunguka vizuizi kabla ya kutoka. Wengine huunda polima, yaani plastiki ya lenzi yenyewe, ikiwa imeizingira molekuli ya dawa, kisha huiondoa molekuli hiyo. Panabaki matundu yenye umbo lake, yanayoishika dawa itakaporudishwa. Na pamoja na yote hayo, lazima lenzi iendelee kuwa angavu, ipitishe oksijeni, wala isiimalize dawa ikiwa bado kwenye pakiti. Ndiyo sababu imechukua miongo.

Machi 2022 Marekani iliidhinisha lenzi ya siku moja yenye mikrogramu 19 za ketotifeni, dawa ya mzio, ya kuzuia muwasho wa macho unaotokana na mzio. Ni ya mtu anayefaa kuvaa lenzi na ambaye macho yake si mekundu. Haitibu vidonda wala maambukizi, na haichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa.

Kwa sasa, tone lako lifanye kazi vizuri. Nawa mikono, vuta kope ya chini, weka tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza taratibu pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5. Kabla ya kuvaa lenzi, subiri angalau dakika 15, na muulize daktari kama unaruhusiwa kuivaa.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiona ukungu, vua lenzi na uonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo. Nenda na lenzi uliyoivua pamoja na kikopo chake. Huenda akataka kuvipima.