Begi la mzamiaji kwenye ndege ndogo

Mhariri,

Ndege ndogo za Mafia na Pemba kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, na hutaka begi laini. Mzamiaji anayefunga vifaa vikiwa vimelowa anaweza kupitiliza kiwango hicho kwa sababu ya uzito wa maji tu. Baada ya mbizi za siku kadhaa inashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Muda huo unatosha kusuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi na kuvikausha kivulini.

Vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama acha, kodisha huko huko. Mtungi wa hewa nao ni usumbufu mtupu: lazima uwe hauna hewa na vali iwe imetolewa ili mkaguzi aone ndani.

Kinachokwamisha wengi ni tochi. Ya kuzamia ina joto kali, na ikijiwasha begini huunguza nguo. Toa betri, ziba ncha zake kwa utepe, uzibebe mkononi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, ule unaokabidhiwa uwanjani. Kikomo bila kibali ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati) kwa kila betri. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege. Kama wati-saa hazikuandikwa kwenye betri, zidisha volti kwa ampea-saa: 3.7 mara 5 ni wati-saa 18.5.

Regyuleta, kifaa cha kupumulia majini, ibebe mkononi, mipira yake ya hewa ikizungushwa bila kukunjwa, kifuniko cha vumbi kikiwa kikavu. Kisu kiende kwenye mzigo wa chini.

Mzamiaji,
Kilindoni, Mafia