Mafuta ya C60 usiyanunue

Mwanangu Salma,

Marahaba. Picha ya chupa nimeiona: mafuta ya zeituni yaliyotiwa C60, eti yanalinda ubongo. Najua unavyoumia kumwona babu yako, kwa ugonjwa wake wa Parkinson, anashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Lakini nakuomba usiyanunue. Kinachoniuma ni kwamba muuzaji amechukua sayansi ya kweli, tena nzuri, akaifanyia biashara.

C60 ni atomi 60 za kaboni zilizoshikana zikawa mviringo kama mpira wa miguu. Iligunduliwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Wagunduzi wake, Kroto, Curl na Smalley, wakapewa Nobel mwaka 1996. Uwezo wake mkubwa ni kunasa radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli. Seli ya ubongo ikizidiwa na glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari, kalsiamu huingia kwa wingi, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zikamwaga radikali hizo, na seli ikafa.

Ikiwa tupu, C60 haiyeyuki kwenye maji. Mtafiti Laura Dugan na wenzake huko St. Louis, Marekani, waliiunganisha na asidi ili iyeyuke, na mwaka 1997 wakaonyesha kuwa inalinda seli za ubongo zinazokuzwa maabara. Mwaka 2014 wakaleta matokeo ya kima waliopewa MPTP, sumu inayoleta dalili kama za babu. Dawa walianza kuipata baada ya sumu kuwadhuru, na bado mwendo wao ukawa nafuu! Hapo ndipo moyo wangu ulipo, mwanangu, kwa sababu levodopa, dawa ya Parkinson anayomeza babu, humlegezea viungo tu, wala haizuii seli kufa.

Ila dawa ile si mafuta hayo. C60 ya chupani ni tupu, haina asidi ile. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kwamba mafuta ya C60 yakipigwa na mwanga huwa sumu kwa panya, na hata yakitunzwa gizani hayakuwaongezea umri. Na hiyo C60 ya Dugan yenyewe bado haijaidhinishwa kutibu Parkinson.

Pesa hizo mtumie baba yako mdogo, amlipie babu mtu wa mazoezi ya viungo. Siku akifanya, anainuka kitini mwenyewe. Na ukipiga simu muulize kama levodopa ya mchana amemeza kwa wakati. Mimi ananidanganya, wewe hakufichi.

Mama yako