Foleni ndiyo inayofukuza vijana kwenye raga

Makocha wa shule na wa timu za mitaani wanaoomba huduma yetu ya kupanga ratiba za mazoezi hulalamikia jambo moja: wiki ya kwanza uwanja umejaa, mwisho wa mwezi hata wachezaji saba kila upande hawatimii. Wengi hudhani vijana hawana moyo. Lakini kijana huyo alikuja baada ya kuwaona Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, wakichanja mbuga na mpira mkononi, naye kafika uwanjani akazungushwa raundi tano bila mpira, kisha akapangwa foleni.

Piga hesabu. Vijana 24, mpira mmoja, mstari mmoja: kila zamu ikichukua sekunde 10, mtu anasubiri dakika 4 ndipo auguse tena. Dakika 20 zikiisha ameushika mara 5. Sasa wagawe wanne wanne, kila kundi na mpira wake. Wakimbie mita 15 wakipasiana, wapumue sekunde 20, warudi. Kwa dakika 10 tu kila mmoja atakuwa ameushika zaidi ya mara 15. Ndiyo maana tunashauri mipira 6 inunuliwe kabla ya jezi mpya: saizi ya 4 kwa walio chini ya miaka 15, saizi ya 5 kwa wakubwa.

Mazoezi ya dakika 75 yanatosha. Dakika 12 za mwanzo ni za kupasha misuli moto, mpira ukiwa mkononi: kukimbia taratibu, kubadili mwelekeo ghafla, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Kukaba, yaani kumfunga mwenye mpira kwa mikono na kumwangusha, kufuate hapo hapo, dakika 15, miguu ikiwa bado na nguvu. Makocha wengi huliacha zoezi hili hadi mwisho, na hilo ni hatari: mchezaji aliyechoka huinamisha kichwa na kuangalia chini, na hapo ndipo shingo na kichwa huumia. Anza wote wawili wakiwa wamepiga magoti, kisha mkabaji achuchumae na mwenzake atembee, mwisho wakimbie polepole. Angalia kichwa kila mara. Anayekaba kwa bega la kulia hupitisha kichwa nyuma ya mwenye mpira, shavu likigusa tako, macho wazi, mikono imemfunga mapajani. Kichwa kikipita mbele ya mwili wa mwenzake, simamisha zoezi, warudi kwenye magoti. Uwanja ukikauka hadi kuwa mgumu kama ilivyo kawaida Januari na Februari, tandikeni magodoro, au mbaki hatua ya magoti tu.

Aliyegongwa kichwa akayumba, akalalamika kichefuchefu au akasahau alichokuwa akifanya, atoke na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Apelekwe kwa daktari. Hapa hatuna mjadala na kocha yeyote.

Pasi zipewe dakika 15. Kosa tunaloliona zaidi ni mpira kutua nyuma ya mgongo wa anayepokea. Sababu huwa mbili: anayetoa hakugeuza uso kumtazama mwenzake, au anayepokea hakutanguliza viganja kuonyesha anapoutaka. Pasi ikienda mbele, jambo lisiloruhusiwa kwenye raga, usimlaumu mtoaji peke yake. Mara nyingi mpokeaji ameshampita. Mwambie aanze mita 2 nyuma yake.

Dakika 25 ni za mchezo wenyewe, na hizi zisipunguzwe kwa sababu yoyote. Timu nne za watu 6, viwanja viwili vya mita 40 kwa 30, kuguswa kwa mikono miwili badala ya kuangushwa, na baada ya kuguswa mara 6 mpira unabadilika upande. Wakirundikana wote katikati, usipige kelele: tangaza kwamba trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) iliyofungwa ndani ya mita 5 za pembeni ina pointi mbili. Watatawanyika wenyewe. Trai zikikosekana kabisa, ongeza upana mita 5. Zikifungwa kila dakika, punguza.

Zinazobaki ni za maji, kunyoosha viungo na swali moja kwa wachezaji: zoezi gani turudie wiki ijayo?

Ukitaka tukuandalie ratiba ya wiki sita, tutumie idadi ya wachezaji na umri wao, mipira na koni ulizonazo, vipimo vya uwanja, kama ni nyasi au udongo, na siku mnayocheza mechi. Siku inayotangulia mechi hatupangi zoezi la kukaba.