Nisomee majina yao, Rukia

Mombasa, 15 Februari

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wenzako mnaokaa nyumba moja, na kwamba baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto limetukaba, usiku hatulali. Mama anakusalimu sana. Mama Zuhura anakusalimu mara mbili, na ile salamu ya pili ni ya sufuria. Unajua mwenyewe, mimi simo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Jambo hili nimelianza kwenye simu mara tatu, na mara tatu nimelifuta, maana linataka nafasi.

Unaikumbuka ile picha uliyonitumia Novemba, ukiwa kwenye basi hapo London? Lile jengo jeusi la shaba katikati ya barabara ya Whitehall, limetundikwa makoti na kofia pande zote, hakuna mtu ndani yake. Ukaniuliza, "Hizi nguo za nani?" Nami nilikuwa zamu ya usiku, sikukujibu. Basi jibu lako hili hapa, limechelewa lakini limekuja na mzigo.

Hiyo ni kumbukumbu ya wanawake wa Vita Vikuu vya Pili. Malkia Elizabeth aliizindua Julai 2005. Nguo ni mavazi 17 ya kazi mbalimbali walizofanya wanawake wakati wa vita, sare za jeshi zikiwemo. Kazi ya mchongaji ni nzuri, sikatai, lakini mimi nimeitazama picha yako siku nyingi na kila mara naona kama wenyewe wametundika nguo wakaenda kuoga, na hakuna aliyewaandika majina ili tujue ni nani hawakurudi kuzichukua.

Sasa nikwambie kilichonikumbusha. Wadini kwetu anakuja bibi mmoja wa Kitaita, miaka yake 90 na ushei, ana kidonda cha mguu, sukari. Kila wiki namfunga kidonda, naye kila wiki ananiambia mikono yangu baridi. Mapema mwezi huu nilimkuta kimya. Nikamuuliza, bibi, kuna nini? Akasema, "Mwezi huu ndio uliommeza kaka yangu." Kaka yake alikuwa mtu wa mizinga. Alipita nyumbani kuaga, akamletea mama yao kanga aliyoinunua hapa Mombasa, kisha akapanda meli bandarini Kilindini. Meli ikazama. Kanga ile mama yao hakuivaa hata siku moja, aliikunja akaiweka, na alipokufa wakamzika nayo.

Halafu bibi akanishika mkono huu ulioshika bandeji, akasema, "Na manesi walikuwemo, kama wewe. Wazungu, wasichana. Aliyerudi ndiye aliyetuambia. Wote pamoja."

Rukia, nimezaliwa Mombasa, nimesoma Mombasa, ninafanya kazi Mombasa. Sikuwa nimewahi kusikia.

Meli hiyo iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, katika msafara wa meli tano za kubeba askari, zikilindwa na manowari. Ndani walikuwemo watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao vijana wa kwetu. Walikuwemo wanamaji wa Kiingereza. Na walikuwemo wanawake: manesi wa jeshi zaidi ya 50 pamoja na metroni wao, Wrens karibu 20, ndio wanawake wa jeshi la majini, na wachache wa FANY, kikosi kingine cha wanawake wa kujitolea.

Jumamosi tarehe 12 Februari walikuwa wamefika karibu na visiwa vya Maldivi. Saa nane u nusu mchana, baada ya chakula. Inasimuliwa kwamba wengi walikuwa ukumbini wanasikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikafyatua torpedo, mbili zikaipata meli. Na meli ile, shoga yangu, ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Dakika mbili! Wewe na mimi tukifunga mkanda wa kupimia presha, hatujamaliza kusoma namba, imekwisha.

Kisha likaja lile ambalo siwezi kulisoma bila kuweka simu chini. Nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wakielea. Manowari mbili, Petard na Paladin, zikalazimika kuangusha mabomu ya majini pale pale penye watu, kwa sababu ikiachwa ingezifuata meli nyingine nne zilizojaa watu. Nyambizi ikazamishwa. Waliotolewa hai walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa 1,297, na kati yao wanawake 77. Hakuna tukio jingine moja lililoua wanawake wengi kiasi hicho wa majeshi ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake.

Namba hiyo ya 77 ndiyo Waingereza wanaoikumbuka, na wana haki. Majina ya manesi yapo Brookwood, mkoa wa Surrey, kwenye makaburi makubwa ya kijeshi. Pale pana mnara wa wale wa 1939 hadi 1945 wasiokuwa na kaburi, majina yamechongwa kwenye vibao vya jiwe la kijani. Wrens wameandikwa kwenye minara ya wanamaji kwingineko. Na askari wetu? Wao wako Nairobi, Ngong Road, kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio langoni mwa makaburi ya vita. Meli moja, bahari moja, dakika zile zile mbili, na majina yao yanakaa mbali hivyo. Na mahali pa mwisho walipokanyaga nchi kavu wote kwa pamoja ni hapa kwetu, na hapa kwetu sijaona hata kibao.

Sisemi kwamba mtu amekosea. Utaratibu wa makumbusho ya vita ndivyo ulivyo, kila jeshi na mnara wake. Lakini yule bibi hajui kusoma ramani ya majeshi. Yeye aliambiwa "wote pamoja", na amelibeba neno hilo tangu yu mtoto.

Tarehe 12 nilikuwa off. Nikaenda Lighthouse, pale petu ufukweni, nikanunua mihogo ya pilipili na ndimu kwa yule yule mzee, naye akakuulizia. Nikakaa ukutani mpaka saa nane u nusu. Ilitoka meli ya makontena, ikapita karibu hivi, unaona hata kamba. Nikawaza kwamba wale manesi walipita pale pale. Ukitoka Kilindini huna njia nyingine. Lazima walisimama pembeni wakatazama mibuyu ile, labda mmoja alipunga mkono, na wavulana wa mizinga nao upande wao wakatazama hiyo hiyo. Nikashindwa kumaliza mihogo. Nikampa mtoto.

Na kuna Allidina! Tulikuwa tukipita nje ya Allidina Visram kila siku kwenda kwa shangazi yako. Kumbe mwaka 1942, Wajapani walipoipiga Ceylon, Waingereza walihamishia makao ya kundi lao la manowari Kilindini, na waliokuwa wakifumbua lugha za siri za Wajapani walikaa ndani ya shule ile. Mji wetu ulijaa hadithi za vita na sisi tulifundishwa za Ulaya tu. Hili nitakuandikia siku nyingine, nikiingia humo sitoki.

Narudi kwa manesi. Unajua kwa nini nawafikiria kuliko inavyostahili, kama mume wangu anavyosema? Kwa sababu walikuwa wanakwenda kazini. Walikuwa wanahamishwa kituo, kama mimi nilivyohamishwa kutoka Kwale, kama wewe ulivyopanda ndege pale Moi na begi lako la kilo 23 na mamako analia kwenye kioo. Upande wa pili wa bahari ile ndiko kulikokuwa na vita vya Burma, na majeruhi wake walihitaji kuoshwa, kufungwa vidonda, kugeuzwa kitandani. Vijana wa mizinga walikuwa wanakwenda kupigana vita hivyo hivyo. Pengine mmoja wao angekuja kulala kwenye wadi ya mmoja wa wale masista, naye angemwambia mikono yako baridi.

Na wanawake wa huko kwenu, nimesoma, hawakungoja waandikiwe. Baada ya vita vya kwanza, wanaume walikuwa wakijengewa minara kila mji. Akatokea mama mmoja, Helen Little, na mwenzake Almyra Gray, wakawachangisha wanawake ili lile dirisha la kale la vioo katika kanisa kuu la York, liitwalo Five Sisters, litengenezwe liwe kumbukumbu ya wanawake. Mwaka 1925 likazinduliwa, na karibu yake pana vibao vya mti wa mwaloni vyenye majina zaidi ya 1,400 ya wanawake waliokufa kwa sababu ya vita ile. Majina, Rukia. Si nguo.

Lingine lililonigusa zaidi ni la Aguila. Hiyo ilikuwa meli iliyokwenda Gibraltar Agosti 1941, ikiwa na Wrens 21 na nesi mmoja wa jeshi la majini. Ilizamishwa, na katika wanawake wale 22 hakupona hata mmoja. Pakachangwa fedha za kuwakumbuka, na baada ya vita ikanunuliwa boti ya uokoaji, ikaitwa Aguila Wren, ikawekwa Aberystwyth, pwani ya Wales. Boti ya kwenda kuwatoa watu wanaozama! Mimi nikafikiri siku nzima: sisi tungekuwa na watu wa kuchanga, ningetaka hiyo hiyo, boti pale Likoni, ubavuni imeandikwa jina la meli ile. Najua ni ndoto. Nakuambia wewe tu.

Ila hili ninalokuomba si ndoto. Nenda Brookwood, siku yako ya off. Treni zinatoka Waterloo, na kituo chenyewe kinaitwa Brookwood, huwezi kupotea. Tafuta vibao vya manesi. Utapata majina mengi ya vita nzima, kwa hiyo chukua orodha ya Februari 1944 kwanza kwenye kumbukumbu za tume ya makaburi ya vita, wanakuonyesha kila mtu, tarehe aliyokufa na mahali alipoandikwa. Usipige picha tu ukaondoka. Yasome kwa sauti, moja moja, unirekodie. Mimi mwezi wa Aprili nakwenda Nairobi kwa harusi ya yule uliyesema hataoa, nitapita Ngong Road nisome ya askari. Sitaweza kusoma yote bila kupumzika, lakini nitaanza na kaka wa bibi. Ameniandikia jina lake kwa mkono wa mjukuu, nimelitia kwenye kifuko cha kadi ya kazi.

Kisha nataka kuziunganisha sauti mbili, yako na yangu, nimsikilizishe bibi nikiwa namfunga mguu. Jina la nesi, jina la askari, jina la nesi, jina la askari. Majina yako yataisha mapema, yangu yataendelea peke yake muda mrefu. Nimempigia hesabu mume wangu, akanyamaza, kisha akasema nimchukue naye Nairobi anishikie simu.

Kidonda cha bibi hakinipendezi, nakwambia kama sista kwa sista. Kidole kimoja kimebadilika rangi. Ndiyo maana nakuharakisha.

Kwa hiyo nijibu, tafadhali, si kwa kidole gumba. Off yako ijayo ni lini? Treni ya kwenda huko ni bei gani, nikutumie? Utakwenda peke yako au na yule Mkamba mwenzako, na je, kwao hakuna aliyekuwa kwenye mizinga? Muulize. Ile baridi imepungua kiasi cha kusimama nje nusu saa? Una viatu vya matope? Na wazee wa wadi yako, wale wa karibu miaka 100, hakuna hata mmoja aliyekuwa Wren, au dadake? Waulize ukiwaogesha, huwa wanaongea wakati huo. Na sufuria, jamani, nimwambie nini Mama Zuhura?

Mama ameingia na uji, anasema nikuandikie ule vizuri.

Wako,
Mwanajuma

Nimesahau: ukifika pale, mwagia maji kidogo chini ya vibao. Nimekuwekea kichupa ndani ya bahasha ya Salma, anayekuja huko tarehe 3. Ni maji ya bahari, niliyateka Lighthouse. Usimwambie ni ya nini, atayamwaga uwanja wa ndege.