Newmarket: afikaye saa saba amekwisha chelewa

Mhariri,

Wasomaji wenu wanaokwenda Uingereza hawahitaji kuelekezwa viwanja vya mpira. Neno langu ni kwa wale wachache wanaotaka kuona farasi wa mbio, wakaambiwa waende Newmarket, mji mdogo wa Suffolk ulio kilomita 20 hivi mashariki ya Cambridge. Wengi huuendea siku ya mashindano, hushinda jukwaani, na jioni hurudi London. Uwanja wameuona, mji hawajauona.

Mji wenyewe huamka na farasi. Wanaofunzwa hapo wanakaribia 3,000, na mazizi yao yamo mitaani, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Asubuhi hutoka kwa misafara wakifuata njia zao maalumu, na wanapokata barabara magari husimama kuwangoja. Mahali pa kuwatazama ni Moulton Road, chini ya kilima cha Warren Hill, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi. Hapo huwaona wakipanda wawili wawili au watatu watatu, na pumzi zao huzisikia kabla hawajakufikia. Wakufunzi hupenda kilima kwa sababu mwinuko humchosha farasi mapafu na misuli bila kumlazimu kwenda shoti kali, na mwendo mkali ndio unaovunja miguu. Ardhi ya chini ni chokaa, kwa hiyo maji hayatuami, na nyasi zake zimetunzwa karne kwa karne bila kupitiwa na jembe. Kufikia saa saba mchana farasi wamekwisha rudi mazizini, na ndipo wenda kwa miguu huruhusiwa kutembea nyikani. Kabla ya hapo kaa kando ya barabara, mfunge mbwa kamba, wala usifungue mwavuli ghafla: farasi wa miaka miwili huruka kwa kitu kidogo kuliko hicho. Jumapili usijisumbue, mazizi mengi huwapumzisha.

Mambo haya yalianza na uwindaji. Mfalme James wa Kwanza alipapenda mwanzoni mwa karne ya 17 akajenga jumba. Mjukuu wake, Charles wa Pili, ndiye aliyeufanya mji wa mbio: mwaka 1666 alianzisha shindano la Town Plate akaagiza likimbiwe kila mwaka milele, na mwaka 1671 akapanda mwenyewe akashinda. (Nani angethubutu kumpita?) Shindano hilo lingalipo, wapandaji wake si wa kulipwa, na mshindi hupewa pia soseji za Newmarket. Machi 1683 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, mfalme akaondoka mapema kuliko ilivyopangwa, na waliokuwa na njama ya kumvizia njiani penye nyumba iitwayo Rye House wakamkosa. Kilichosalia cha jumba lake, Palace House, leo ni sehemu ya makumbusho ya taifa ya mbio za farasi. Yatengee saa mbili au tatu.

Viwanja ni viwili, na tiketi nyingi hununuliwa bila mtu kujua anakwenda kipi. Rowley Mile hutumika majira ya kuchipua na ya kupukutika, July Course kiangazi. Rowley Mile ni mnyoofu kiasi cha kilomita 2, hivyo bila darubini mwanzo wa mbio huuoni. Lakini simama karibu na bonde waliloliita Dip. Farasi hushuka humo kwa kasi, asiye na mizani huyumba, kisha mita 200 za mwisho ni mpando. Wengi waliokuwa wakiongoza huishia hapo. Mbio ya Cesarewitch, ya mita 3,600 hivi, ina kona moja tu: huanzia mkoa wa Cambridgeshire na kumalizikia Suffolk.

Wanaofuata mbio za Ngong, Nairobi, wanalijua jina Guineas, yaani gini. Limetoka hapa: 2000 Guineas ilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1809, na 1000 Guineas, ya farasi jike, mwaka 1814. Gini ilikuwa sarafu iliyopewa jina la pwani ya Afrika Magharibi, kulikotoka dhahabu yake. Sarafu imekwisha, hesabu imebaki. Katika Tattersalls, mnada wa farasi wa hapo mjini, dalali bado huita bei kwa gini, na gini moja ni pauni 1.05, kwa hiyo farasi wa gini 100,000 atalipiwa pauni 105,000. Kuingia kutazama ni bure. Kaa mbali na wanunuzi na usipungie mkono rafiki upande wa pili, kwani dalali husoma ishara ndogo sana.

Treni kutoka London hubadilishwa Cambridge, na ile ya kwanza ya asubuhi haikufikishi Warren Hill kwa wakati. Lala Newmarket usiku wa kuamkia. Chumba kitafute mapema, au uepuke wiki za mnada wa Oktoba, maana wanunuzi hutoka Ireland, Marekani, Japani na Ghuba, na hoteli za mji ni chache.

Msomaji wenu,
Nairobi