Wito wa Harambee: Mashine ya Utrasaundi kwa Kituo Chetu cha Afya

Kwa washarika wetu, majirani zetu Waislamu na wana wa kata hii mlioko Dodoma mjini, Dar es Salaam na kwingineko: Bwana Yesu asifiwe, na Asalaam aleikum.

Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi, kwa kuwa ni ninyi mlioiezeka wodi ya wazazi. Hata hivyo, wodi hiyo haina utrasaundi. Mkunga hupima tumbo kwa futi ya kamba, na likizidi wiki zake, huhamisha fetoskopu, chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, huku na huku akitafuta moyo wa pili. Akiusikia, anajua ni mapacha. Asichoweza kujua ni kama wana kondo la nyuma moja au kila mmoja ana lake, na hapo ndipo penye hatari. Wenye kondo moja wana mishipa inayowaunganisha, na damu ikielemea upande mmoja, anayetoa damu hupungukiwa maji ya uzazi hata akabanwa, anayeipokea akazidiwa, huku mama pengine haoni ila tumbo kujaa upesi. Kipimo cha kuwatambua hufaa zaidi kati ya wiki ya 11 na ya 14, kisha kuanzia wiki ya 16 hutakiwa kuangaliwa kila baada ya wiki 2.

Mama mmoja wa ng'ambo ya korongo alipangiwa ratiba hiyo mjini. Siku moja ya mvua alikaa ukingoni tangu alfajiri, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la khanga, maji yasipungue. Saa sita akarudi nyumbani. Alijifungua salama, kwa rehema za Mungu.

Mganga Mfawidhi ameridhia mpango huu. Mashine haitatibu mapacha hao, bali itaonyesha mapema nani apewe rufaa. Kwa hiyo tunachangia pia mafunzo ya mkunga na betri ya kuhimili umeme unapokatika. Kadi za michango ya harusi hatuzirudishi, hata mwaka ambao uwele umekauka shambani; basi na wito huu tusiurudishe.

Mhazini atatoa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa kanisani na kubandikwa ofisi ya kata. Asiye na fedha alete debe la alizeti, kuku au mbuzi, vinadiwe Jumapili ya harambee baada ya ibada ya pili. Wale ambao ahadi zao za bati hazijakamilika, wazee wa kanisa watawapitia nyumbani wiki hii.