Malalamiko: Hesabu Zangu za Miaka Kumi na Mmoja Zimekwama Ndani ya Toleo Jipya la Programu Yenu

Mombasa,
3 Oktoba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: KUSHINDWA KURUDISHA KUMBUKUMBU ZA FEDHA KATIKA TOLEO LA ZAMANI

Naandika barua hii baada ya kuwasiliana na watu wenu mara sita tangu Julai bila kupata suluhu. Mimi ni mteja wenu tangu 2013, wakati programu yenu ya bajeti ilikuwa unainunua mara moja, unaiweka kwenye kompyuta, basi ni yako. Tangu hapo nimeandika humo kila shilingi iliyoingia nyumbani kwangu na kila iliyotoka: mshahara, kodi ya nyumba, karo, tokeni za stima, maji ya mkokoteni siku mfereji ukikauka, zamu ya chama, na kila muamala wa M-Pesa pamoja na ada yake. Kufikia Julai mwaka huu nilikuwa na miamala 9,416.

Humo humo ndimo ninamoweka hesabu ya matibabu ya mama yetu. Tumezaliwa watano, nami ndiye niliyekabidhiwa mfuko. Kaka mkubwa yuko hapa hapa Mombasa, wadogo zetu wawili wako Malindi, na dada yuko Muscat, hutuma kwa rial. Kila mchango uliponifikia niliandika kwenye nafasi ya maelezo: nani katoa, ni wa mwezi gani, na ukiwa wa dada, rial ilibadilishwa kwa shilingi ngapi siku ile. Hizo ni pesa za watu na ni amana. Nataka mlielewe hilo kabla sijaeleza mengine, maana mara zote sita nimejibiwa kana kwamba ninalilia mchezo uliopotea kwenye simu.

Jumamosi tarehe 6 Julai nilifungua programu kama kawaida, kikatokea kisanduku kusema kuna toleo jipya, na chini yake kitufe kimoja kikubwa cha kukubali. Nikakubali. Hapakuwa na neno hata moja la kunieleza kwamba faili yangu itabadilishwa muundo, wala kwamba ikishabadilishwa toleo la zamani halitaweza kuifungua tena. Kazi yote ilichukua kama dakika nne. Najua swali litakalofuata, kwa kuwa msaidizi wenu alikwisha kuniuliza: nakala ya akiba iko wapi? Ninayo, kwenye flashi, na huiandika kila siku nikifunga programu, kama mlivyotufundisha wenyewe. Siku ile flashi ilikuwa imechomekwa. Nilipofunga programu jioni, nakala mpya iliandikwa juu ya ile ya jana yake kwa jina lile lile, nayo ikawa ya muundo mpya. Hivyo ndivyo nilivyobaki bila hata faili moja ambayo toleo la zamani laweza kuifungua.

Toleo jipya lenyewe sitalisema sana. Linatoza ada kila mwezi, kwa dola, na halifunguki bila intaneti. Ile ripoti ya kulinganisha fungu moja mwaka kwa mwaka, ambayo ndiyo iliyonisaidia kujua karo imepanda vipi na dawa zimepanda vipi, haimo tena. Wako watakaolipenda. Mimi baada ya wiki mbili niliamua kurudi kwenye programu niliyoilipia, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Msaidizi wenu aliniambia nitoe data kwa muundo wa QIF kisha niiingize kwenye toleo la zamani, kazi ya nusu saa. QIF ni muundo wa siku nyingi ulioanzia kwenye programu ya Quicken, na uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu; mtu aweza kuifungua faili na kuisoma kwa macho yake. Kila mstari huanza na herufi inayosema kilichomo. D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa, M ni maelezo, L ni fungu, na alama ya ^ hufunga muamala. Haya nimelazimika kujifunza usiku, watoto wakishalala, kwa sababu hakuna kwenu aliyekuwa tayari kuifungua faili hiyo pamoja nami na kuona kilichokosekana.

Nilipoiingiza mara ya kwanza, toleo la zamani lilipokea miamala 3,702 na kukataa 5,714. Nilikaa siku tatu bila kuelewa. Kisha nikaona kwamba iliyokataliwa yote ni ya tarehe 13 hadi 31, na nikajua. Toleo jipya linatanguliza mwezi, la zamani linatanguliza siku. Karo niliyolipa tarehe 7 Januari 2019 imeandikwa D01/07/2019, na toleo la zamani likaisoma kuwa 1 Julai. Ile ya tarehe 15 ililishinda, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tano. Kwa hiyo hata ile iliyopokelewa ilikaa mahali pasipo pake, isipokuwa michache ambayo siku na mwezi ni namba moja, kama 5 Mei. Programu zote mbili ni zenu. Mmeziandika wenyewe, na hazielewani hata kwa tarehe.

Tarehe zilirekebishika. Kijana mmoja wa saiba hapa mtaani aliandika maagizo mafupi kwenye kompyuta yake, akazigeuza zote kabla chai yangu haijapoa. Lakini yaliyosalia hayakuwezekana, kwa sababu hayamo kabisa kwenye faili mliyonipa.

Chukueni muamala mmoja tu. Tarehe 12 Aprili 2022 nilinunua vitu vya shilingi 6,840 kwa risiti moja: chakula 4,200, dawa za mama 1,890, na madaftari ya watoto 750. Niliugawanya muamala huo katika mafungu matatu, kama programu yenu inavyoruhusu. QIF ina mistari yake ya kazi hiyo, S kwa fungu na alama ya dola kwa kiasi. Faili yenu haina hata mstari mmoja wa S. Inasema 6,840, fungu "Mengineyo". Hivyo dawa za mama za siku ile hazipo tena kwenye hesabu ya dawa, na nina miamala ya namna hiyo zaidi ya elfu moja.

Mkatazame pia uhamisho. Ninapotoa 15,000 benki kuziweka M-Pesa, pesa hizo hazijatumika wala hazijapatikana, ni zangu zimetoka mfuko huu kuingia mfuko ule. Katika QIF uhamisho hujulikana kwa kuandika jina la akaunti ya pili ndani ya mabano ya mraba kwenye mstari wa L. Mabano hayo ninyi mmeyaacha. Matokeo yake toleo la zamani linahesabu 15,000 kuwa matumizi upande wa benki na kuwa mapato upande wa M-Pesa. Kwa mwaka 2019 peke yake linanionyesha kipato kilichozidi kipato changu cha kweli kwa shilingi 412,000.

Lililoniumiza zaidi ni mistari ya M, ile ya maelezo, ambayo haimo hata mmoja. Mwezi wa Agosti kaka mkubwa alikuja nyumbani, tukaketi mezani tupitie michango ya 2021, kwa sababu mdogo wetu mmoja alihisi ametoa zaidi ya wenzake. Nikafungua ukurasa. Mchango 5,000. Mchango 5,000. Mchango 5,000. Ukurasa mzima, bila jina la mtu. Kaka hakunilaumu, alinyamaza tu, akafunga miwani yake. Mimi niliyekuwa nikisifiwa kwa kuweka hesabu sikuwa na la kumwambia.

Maelezo hayo bado yapo ndani ya toleo jipya. Nayaona kwenye skrini, muamala mmoja mmoja. Kwa hiyo sasa ninayanakili kwa mkono, kama miamala arobaini kila usiku ninapopata nguvu, na mpaka leo nimefika Machi 2015. Na kwa muda wote ninaoifanya kazi hii nawalipa ada ya mwezi, maana nikiacha kulipa toleo jipya litafungwa na sitaweza kusoma kilicho changu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo lina haraka. Niliporudisha toleo la zamani kwenye kompyuta tarehe 22 Julai, leseni yangu ya 2013 ilikataliwa, nikaambiwa haitumiki tena. Watu wenu wamenipa muda wa majaribio wa siku thelathini na kuuongeza mara mbili. Unaisha tarehe 20 mwezi huu. Ile leseni niliinunua, risiti ninayo, na haikuandikwa mwisho wake. Kampuni nyingine zimewahi kulifanya jambo hili kwa heshima: Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatoa toleo la bure lisilohitaji uthibitisho wa leseni, ili waliokuwa nayo waendelee kusoma hesabu zao. Haiwezekani kwamba kwenu ni jambo gumu.

Naomba leseni yangu ya 2013 ifunguliwe kabla ya tarehe 20 Oktoba, bila kikomo cha siku. Naomba pia faili kamili ya QIF kutoka kwenye seva zenu, yenye miamala yote 9,416, siku ikitangulia mwezi, na yenye mistari ya M, mistari ya mgawanyo na mabano ya uhamisho. Ada nilizolipa tangu Agosti nazo nirudishiwe, kwa kuwa sikuzilipa kwa kupenda huduma bali kwa kuogopa kufungiwa. Na kile kisanduku cha tarehe 6 Julai kiandikwe upya, kimwambie mtu waziwazi kwamba faili yake haitarudi nyuma, na kimhifadhie nakala ya zamani kwa jina tofauti kabla ya kuigusa. Hilo halitanifaa mimi tena, ila nawajua wawili kwenye chama chetu wanaotumia toleo lile lile na bado hawajabonyeza.

Kuhusu faili, hili ni ombi rasmi chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kinachompa mwenye data haki ya kupewa data yake kwa muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka na mashine, ndani ya siku thelathini. Msaidizi wenu alinijibu kwamba ofisi zenu haziko Kenya. Sheria hiyo inamhusu pia asiye na ofisi hapa, ikiwa anashughulikia data ya watu walioko Kenya. Mimi niko Mombasa. Siku thelathini zikipita nitapeleka malalamiko haya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, pamoja na majibu yenu yote sita.

Nimeambatisha risiti ya 2013, picha za skrini za muamala wa tarehe 12 Aprili 2022 katika matoleo yote mawili, na kurasa tano za mwanzo za faili ya QIF jinsi ilivyotoka kwenu, ambazo nimezipigia mstari mwekundu kila mahali ambapo M ingestahili kuwapo. Tafadhali mpeni mtu anayeijua programu hiyo kwa undani azisome, si msaidizi wa simu. Familia yetu inakutana Desemba, na hesabu ya mama ndiyo ajenda ya kwanza.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu tangu 2013